Safu husema kuliko mawe: makaburi ya vijijini ya Wajerumani wa Texas

Anayeingia mara ya kwanza kwenye makaburi ya kijijini ya Wajerumani wa Texas hukimbilia kusoma mawe. Anapiga picha, anaandika majina, anaondoka akiamini ameshachukua kila kitu. Kumbe amechukua nusu tu. Katika makaburi mengi ya aina hii, hasa yale ya zamani, watu hawakuzikwa kwa ukoo, walizikwa kwa zamu ya kufa. Aliyefariki leo alilazwa kando ya aliyefariki mwezi uliopita, safu ikijaa ikaanzwa nyingine, na watoto wadogo wakawa na safu zao peke yao. Mume aliyefariki 1871 unaweza kumkuta safu ya tatu, mkewe aliyefariki 1894 yuko safu ya tisa, na katikati yao wamelala majirani. Kwa hiyo mahali jiwe lilipo ni ushahidi sawa na maneno yaliyochongwa juu yake, na mara nyingi ni ushahidi wa kutegemewa zaidi. Safu ni daftari la vifo lililoandikwa ardhini. Ukilihamisha jiwe hata hatua mbili, umechana ukurasa.

Tunaoshughulika na makaburi haya tumelijifunza hilo polepole, na tumeona hasara yake pale ambapo watu wenye nia njema walikusanya mawe yaliyoanguka wakayapanga ukutani yapendeze. Mawe yamebaki. Historia ya waliolala pale haipatikani tena.

Kwanza tujue ni akina nani hawa. Wajerumani walianza kuja Texas ikiwa bado chini ya Meksiko. Friedrich Ernst, mtu wa Oldenburg, alipata ardhi 1831 mahali palipokuja kuitwa Industry, na barua aliyoandika kwao kuisifia nchi ile iliwavuta wengine wengi. Wimbi kubwa lilikuja miaka ya 1840 kupitia chama cha makabaila kilichoitwa Adelsverein. Mwanamfalme Carl wa Solms-Braunfels alianzisha New Braunfels mwezi Machi 1845, na John Meusebach akafuata na Fredericksburg tarehe 8 Mei 1846. Waliofika pwani katika miezi hiyo walikwama Carlshafen, bandari iliyojulikana baadaye kama Indianola. Vita vya Marekani na Meksiko vilipoanza Mei 1846, magari ya kukokotwa na ng'ombe yalichukuliwa na jeshi, na wahamiaji wakabaki ufukweni kwenye mahema na mashimo, mvua na maradhi vikiwamaliza. Wengi walianza safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa miguu, wakafia njiani. Hapa pana funzo la kazi: ukoo ukiwa na mtu aliyefariki 1846 na kaburi lake halionekani, usimalize siku nyingi ukimtafuta katika makaburi ya kijiji walikoishia ndugu zake. Uwezekano mkubwa ni kwamba alizikwa kando ya njia, bila alama.

Mwaka 1854 uliongeza makundi mawili yenye makaburi ya namna yake. Comfort ilianzishwa na watu ambao wengi wao hawakufuata dini yoyote, ndiyo maana kwenye mawe yao ya mwanzo misalaba na mistari ya Biblia ni adimu. Usidhani familia hizo zilikuwa maskini au zilisahau. Hapohapo Comfort umesimama mnara wa mawe ya chokaa wa mwaka 1866, Treue der Union (Uaminifu kwa Muungano), juu ya mabaki ya Wajerumani waliokataa kuunga mkono majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kuuawa karibu na mto Nueces tarehe 10 Agosti 1862, na wengine baada ya hapo. Kundi la pili ni Wawendi wa Serbin, Waslavi kutoka Lusatia, mashariki mwa Ujerumani, waliokuja kwa meli Ben Nevis pamoja na mchungaji wao Jan Kilian baada ya kipindupindu kuwapunguza safarini. Kwao utakuta Kiwendi, Kijerumani na Kiingereza katika uwanja mmoja, mara nyingine katika ukoo mmoja.

Msomaji wa Kiswahili anaposikia makaburi ya Wajerumani huenda akawaza yale ya Bagamoyo, ya askari waliouawa wakati wa vita vya Abushiri, 1888 na 1889. Haya ya Texas ni jambo jingine kabisa. Hawa walikuwa wakulima waliokuja na wake na watoto, hawakuwa na mpango wa kurudi, na makaburi waliyaanzisha wenyewe kwa mikono yao.

Yalianzishwaje? Mara nyingi mkulima mmoja alitoa ekari moja au mbili za shamba lake, kwa usharika au kwa chama cha makaburi cha wanakijiji. Eneo lilichaguliwa kwa sababu za kimaisha. Lilitakiwa liwe juu, maji ya mafuriko yasifike. Liwe na udongo wa kuchimbika, jambo gumu katika nchi ya vilima ambako mwamba wa chokaa uko sentimita 30 au 40 tu chini ya majani. Liwe karibu na barabara ya magari ya ng'ombe. Kisha lilizungushiwa ukuta wa mawe au uzio wa mbao, kwa kuwa mifugo ilikuwa ikizurura ovyo na ng'ombe hupenda kujikuna kwenye jiwe hadi jiwe likaanguka. Walipanda mierezi kwa kuwa haipukutishi majani. Chama kilikuwa na katiba fupi, mwenyekiti, mweka hazina, ada ya mwaka, na zamu ya kuchimba kaburi. Daftari la mikutano, likipatikana, ni hazina: humo mna nani alilipia nafasi, nani alikatazwa, uzio ulijengwa lini na kwa kiasi gani. Waliojiua na wapita njia wasiojulikana mara nyingine walizikwa pembeni, karibu na uzio, nje ya zamu. Kaburi la peke yake pembeni, basi, lisomwe kwa uangalifu kabla ya kulitungia hadithi.

Ramani ndiyo inatangulia kila kitu, kabla ya kufyeka, kabla ya kusafisha, kabla ya kuinua jiwe lolote. Piga kamba ya msingi kutoka nguzo moja ya kona hadi nyingine, zile ambazo hazitahamishwa, na upime kila jiwe kwa futi kamba mbili: umbali kwenye kamba ya msingi, na umbali kutoka kwenye kamba hadi katikati ya jiwe. Safu zipewe herufi kuanzia upande wa zamani zaidi, makaburi yapewe namba, na nafasi tupu nazo zipewe namba. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaruka nafasi tupu kana kwamba si kitu. Vipimo vya GPS vya simu vina makosa ya mita tatu hadi tano, yaani vinaweza kukuhamishia mtu kaburi la jirani. Tumia simu kuonyesha makaburi yako wapi wilayani, na futi kamba kuonyesha nani yuko wapi makaburini.

Sasa tazama ramani inavyofanya kazi. Tuseme safu D ina jiwe la tarehe 2 Oktoba 1867, kisha nafasi tupu ya mita 4, kisha jiwe la 19 Novemba 1867. Kaburi la mtu mzima pamoja na nafasi ya kupita huchukua upana wa kama mita 1 hadi 1.2, hivyo pale panatosha watu watatu au wanne. Ukifungua kitabu cha usharika ukakuta maziko manne kati ya tarehe hizo mbili, umewapata wanne wasio na mawe, kwa majina na kwa mpangilio wao. Mwaka huo sikuutaja ovyo. Mwaka 1867 homa ya manjano iliingia kutoka pwani hadi La Grange katika kaunti ya Fayette, na mji ukapoteza sehemu kubwa ya watu wake kwa majuma machache. Wakati wa balaa kama hilo hapakuwa na mchonga mawe wala fedha. Waliwekewa misalaba ya mbao, nayo mbao huoza. Kipindupindu cha 1849 kiliacha mapengo ya namna hiyohiyo New Braunfels na Fredericksburg.

Safu za watoto zinahitaji moyo. Dondakoo liliweza kumaliza watoto watatu wa nyumba moja katika siku kumi, na kwa sababu walizikwa kwa zamu, utawakuta wamefuatana, au mtoto wa jirani akiwa katikati yao kwa kuwa alifariki siku ya katikati. Mawe ni madogo, urefu hadi gotini, mengine yana mwanakondoo aliyelala juu. Masikio ya mwanakondoo ndiyo huliwa kwanza na mvua, kisha uso, mwisho linabaki donge la marumaru ambalo mgeni hudhani ni mto wa kulalia. Hapa pia mapengo ni mengi kuliko kwenye safu za wakubwa, na kaburi la mtoto huwa na urefu wa mita moja au pungufu. Ukipima kwa kipimo cha mtu mzima utahesabu nusu ya watoto.

Zamu ilivunjwa pia. Mjane aliyeomba kulala kando ya mumewe aliwekewa nafasi, na kadiri karne ya 20 ilivyoendelea viwanja vya ukoo, kwa desturi ya majirani Waamerika, vilienea. Dalili ni kona za zege au za mawe zenye herufi ya jina la ukoo. Ukiona tarehe zinarukaruka, angalia kwanza kama umeingia kwenye kiwanja cha ukoo kabla ya kusema jiwe limehamishwa.

Kusoma maandishi kuna mambo yake. Jiwe la marumaru lililoliwa na mvua halisomeki jua likiwa utosini wala likiwa nyuma yako. Mwanga unatakiwa upite ubavuni, karibu sambamba na uso wa jiwe, ili kila mchoro ulale na kivuli chake. Mawe yanayotazama mashariki yasome saa tatu hadi saa tano asubuhi, yanayotazama magharibi yasome alasiri, na yanayotazama kaskazini usiyasubirie jua: chukua kioo kirefu, asimame mtu mita tatu au nne pembeni, aurushe mwanga juu ya jiwe kutoka upande. Jiwe lililoonekana tupu hujaa herufi. Usipake chaki, usipake unga, usipake povu la kunyolea. Vyote huingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kulisha kuvu. Wala usisugue penseli juu ya karatasi kwenye jiwe linalomenyeka, kwa sababu linalomenyeka litamenyeka zaidi.

Maandishi ya kawaida ni mafupi: “Hier ruht in Gott” (hapa amepumzika katika Mungu), jina, tarehe ya kuzaliwa baada ya “geb.”, tarehe ya kufa baada ya “gest.”. Mtego mkubwa ni kwamba “geb.” ikifuatwa na jina badala ya tarehe inataja ukoo aliozaliwa mwanamke kabla ya kuolewa. Orodha nyingi za makaburi zina wanawake walioandikwa jina la baba zao kwa sababu mwandishi hakulijua hilo, na watu wa ukoo wanawatafuta miaka bila kuwaona. Tarehe huanza na siku, kisha mwezi. Kwenye maandishi ya Kigothi s ndefu hufanana na f, k hufanana na t, na I na J kubwa ni kitu kimoja. Mahali pa kuzaliwa pakitajwa, kijiji cha Nassau, Hesse au Hannover, nakili kila herufi hata kama hujui pako wapi. Orodha za abiria wa bandari ya Bremen za karne ya 19 zilipotea karibu zote, kwa hiyo jiwe lile linaweza kuwa ndiyo maandishi pekee duniani yanayomuunganisha mtu huyo na kijiji alichotoka.

Mawe mengine hayana tarehe ya kuzaliwa, yana umri tu. Mtu alifariki 3 Machi 1878 akiwa na miaka 45, miezi 10 na siku 20. Toa siku kwanza, unapata 11 Februari 1878; toa miezi, 11 Aprili 1877; toa miaka, 11 Aprili 1832. Lakini mchungaji aliyehesabu kila mwezi kuwa siku 30 alianzia 13 Aprili. Kwa hiyo tarehe ya kukokotoa iandikwe kuwa ni ya kukokotoa, na tofauti ya siku mbili tatu na kitabu cha ubatizo isikufanye useme ni watu wawili tofauti.

Jiwe lenyewe lina umri wake, na umri huo si lazima uwe wa marehemu. Mwanzoni palikuwa na mbao na mawe ya chokaa ya hapohapo, yakichongwa na fundi wa kijiji. Marumaru nyeupe zilienea reli ilipofika. San Antonio ilipata reli 1877, Fredericksburg ikasubiri hadi 1913. Minara ya zinki, ya rangi ya kijivu inayoelekea bluu, ukiigonga inalia kama debe, ilitengenezwa Bridgeport, Connecticut, kuanzia miaka ya 1870 hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Basi ukikuta graniti iliyong'arishwa, kwa Kiingereza, ya mtu aliyefariki 1855, hilo ni jiwe la wajukuu. Limewekwa baada ya mbao kuoza, labda miaka 80 baadaye, tarehe zikitoka kwenye kumbukumbu za bibi. Mara nyingi halikuwekwa pale marehemu alipolala, limewekwa kando ya mkewe ili ukoo uwe pamoja. Hapo safu inakuokoa: mtu wa 1855 aliyesimama katikati ya safu ya 1890 hayuko pale, yupo kwenye pengo la safu ya kwanza. Lugha nayo isikudanganye. Kijerumani kilipingwa vikali Marekani miaka ya 1917 na 1918, na Kiingereza kikashika mawe polepole katika miongo iliyofuata, ila kuna vijiji vilivyoendelea na Kijerumani muda mrefu baada ya hapo.

Kuhusu karatasi. Texas ilianza kusajili vifo kwa jimbo zima mwaka 1903 tu, tena mwanzoni kwa ulegevu. Kwa vifo vya kabla ya hapo tegemeo ni kitabu cha maziko cha usharika. Mchungaji wa Kilutheri aliandika siku ya kufa, siku ya kuzikwa, umri, mara nyingi na chanzo cha kifo pamoja na neno la mahubiri. Mwandiko ni wa kale wa Kijerumani. Jipe muda wa kuuzoea kwa kuanza na majina unayoyajua tayari kutoka kwenye mawe. Ukikuta 7ber, 8ber, 9ber, ni Septemba, Oktoba na Novemba, wala si Julai, Agosti na Septemba, na kosa hilo moja linavuruga zamu nzima ya safu. Gazeti la Neu-Braunfelser Zeitung lilitoka kwa Kijerumani tangu 1852 hadi 1957, na ndani yake mna tangazo ambalo watafiti wengi hulipita: shukrani ya wafiwa, ambayo hutaja mchungaji, waliochimba kaburi na waliobeba jeneza, majina ambayo taarifa ya kifo haina. Kwa karani wa kaunti omba hati ya ardhi iliyotolewa kwa makaburi. Hati mara nyingi ni ya miaka mingi baada ya kaburi la kwanza, kwa sababu walizika kwanza, wakaandikisha baadaye. Tarehe ya hati isichukuliwe kuwa tarehe ya kuanzishwa.

Kwa makaburi yasiyo na alama, macho yanatosha kuliko watu wanavyodhani. Jeneza la mbao likishaoza udongo hutitia, linabaki bonde dogo la mita 2 kwa mita 0.8, kichwa magharibi na miguu mashariki. Bonde hilo huonekana vizuri jua likichwea au baada ya mvua. Maua ya irisi na yuka yaliyoota kwa mstari mahali pasipo na nyumba yalipandwa na mtu. Rada ya kupenya ardhi hufanya vizuri kwenye mchanga, lakini kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, ulioenea mashariki ya New Braunfels, mawimbi yake hunyonywa karibu na juu, na kwenye mwamba wa kina kifupi kila mpasuko hufanana na kaburi. Muulize mwenye mashine kuhusu udongo kabla hujamlipa. Fimbo ya chuma ya kudunga hutumiwa na wenye ujuzi, kwa kina cha sentimita 30 hadi 40 tu, kutafuta jiwe lililofukiwa, si kumtafuta marehemu.

Ukishamaliza ramani na picha, ndipo ufike kwenye maji. Kusafisha ni kwa maji safi na brashi laini ya nailoni au ya nyuzi za asili, pamoja na kijiti cha mbao cha kukwangulia. Andaa ndoo mbili za lita 20 kwa jiwe moja la ubao, yaani lile bapa na jembamba. Ligonge kwanza kidogo kwa kidole: likilia ufu, kama liko tupu ndani, au likimwaga chembe kama sukari, liache. Lililo zima lilowanishe lote kabla ya brashi kuligusa, anza chini upande juu ili maji machafu yasiweke michirizi kwenye sehemu kavu, suuza mara kwa mara. Kwa kuvu na ukungu mweusi hutumika dawa ya D/2, ama yenyewe au ikichanganywa na maji kwa kiasi sawa. Iache dakika 10 hadi 15, sugua, suuza, uondoke. Jiwe litaendelea kung'aa lenyewe kwa majuma kadhaa, kwa hiyo usilisugue hadi liwe jeupe siku hiyohiyo. Usifanye kazi hii siku ya baridi kali, maana maji yakiganda ndani ya jiwe hulipasua. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, asidi, brashi ya waya na mashine ya maji ya shinikizo vipigwe marufuku getini. Klorini huacha chumvi ndani. Chumvi ikikauka hupanuka na kusukuma uso wa jiwe nje, na miaka michache baadaye majina yanadondoka kama magamba.

Kuinua mawe ni kazi ya kuhesabu kwanza. Marumaru ina uzito wa karibu tani 2.7 kwa mita moja ya ujazo. Ubao wa sentimita 90 kwa 45, unene sentimita 5, ni kilo 55, watu wawili wanatosha. Nguzo ya sentimita 50 kwa 50 yenye urefu wa mita 1.5 ni tani moja. Hiyo inataka miguu mitatu ya chuma, kapi ya mnyororo, mikanda ya nailoni na mtu mmoja anayeamuru. Kabla ya kuingiza mkono nyuma ya jiwe lililolala, ligeuze kidogo kwa mtaimbo: Texas ina nyoka wa kengele na sisimizi wa moto, na wote hupenda kivuli hicho. Ubao uliochomekwa moja kwa moja ardhini hurudishwa theluthi moja ikiwa chini. Chimba shimo, weka kokoto sentimita 10 chini, simamisha kwa pimamaji, shindilia mchanganyiko wa mchanga na kokoto kwa tabaka za sentimita 10. Usimwage zege. Zege hulishika jiwe kwa nguvu, na siku tawi au ng'ombe akiligonga halitaegemea, litakatika usawa wa ardhi. Kwenye viungo vya mawe tumia chokaa iliyolowekwa, kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya mchanga mkali, uifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hivyo nyufa huhamia kwenye jiwe. Vijiti vya chuma vya mafundi wa zamani navyo hufura kwa kutu na kupasua vipande vinavyoshikiliwa navyo.

Adui wa kila wiki, hata hivyo, ni mashine ya nyasi. Uzi wa nailoni unaozunguka huchimba mfereji kwenye marumaru, na kwa misimu michache tu jiwe huwa na kiuno. Acha sentimita 20 kuzunguka kila jiwe zikatwe kwa mkasi. Dawa ya magugu isitumike kama njia ya mkato, kwa sababu chumvi zake hupanda ndani ya jiwe pamoja na unyevu, na udongo usio na mizizi humomonyoka hadi jiwe likainama. Mwerezi uliokufa ukatwe usawa wa ardhi na kisiki kiachwe kioze. Kung'oa kisiki ni kufukua kaburi.

Sheria iko upande wa makaburi, ila ni lazima itumiwe. Texas ardhi iliyokwisha kuwa makaburi haiwezi kugeuzwa matumizi mengine hivihivi, na makaburi yakizungukwa na shamba la mtu binafsi, anayetaka kuzuru ana haki ya kupita kwa utaratibu unaofaa. Zungumza na mwenye shamba kabla, kwa heshima, funga kila geti ulilolikuta limefungwa. Tume ya Historia ya Texas hutoa hadhi ya Makaburi ya Kihistoria ya Texas kwa yaliyotimiza miaka 50, na hadhi hiyo huandikwa kwenye kumbukumbu za ardhi za kaunti. Tatizo la kawaida ni umiliki: hati inataja wadhamini watatu waliofariki kabla ya 1920, usharika wenyewe umeshaunganishwa na mwingine, na hakuna mwenye mamlaka ya kuweka sahihi. Dawa yake ni kuitisha mkutano wa wenye wafu pale, kuchagua wadhamini wapya, kuandika katiba, na kuomba msamaha wa kodi wa serikali kuu chini ya kifungu 501(c)(13), kilichowekwa kwa ajili ya vyama vya makaburi. Pesa za matunzo ziwe na akaunti yenye sahihi mbili.

Ramani ile ya safu na nafasi tupu ipelekwe kwa karani wa kaunti isajiliwe pamoja na hati, nakala ibaki kwa usharika na nyingine maktaba ya wilaya. Kwenye ramani nafasi tupu zichorwe kwa mistari iliyokatika na ziandikwe kwamba zina watu, kwa jina pale linapojulikana. Fundi wa uzio, mchimbaji wa kaburi jipya na mnunuzi wa shamba la jirani wote watapita kwenye ofisi hiyo siku moja.